Tulipopita Kichuguu Bila Kusimama

Juzi mjukuu wangu Mumbua alianguka akachubuka goti. Mama yake akamwaga spiriti kwenye pamba, na wakati huohuo baba yake alikuwa ameanika turubai la pikapu juani. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu, spiriti na turubai lililoshika joto, nikalazimika kuketi juu ya ndoo. Watoto wakadhani ni presha. Haikuwa presha. Nilikuwa nimerudi ndani ya Landrova ya misheni, kwenye barabara ya Sangailu, msichana mdogo mwenye kiatu kimoja kizima na kingine kilichofungwa kwa kamba.

Nyinyi wa rika langu mlioishi Garissa miaka ile ya tisini mnajua hali ilivyokuwa, sina haja ya kuwasimulia sana. Bunduki tulizijua kwa sauti, kama watoto wa kwingine wanavyojua ndege. Ikilia moja tunaendelea kuruka kamba, zikilia nyingi tunaingia chini ya kitanda. Wajukuu wananiita susu, wanaona meno yangu yaliyoungua kwa maji ya chumvi, wanadhani nilizaliwa hivi hivi, mzee. Lakini wakati ninaousema nilikuwa darasa la tano, na ni hapo hapo shule iliponiishia.

Baba yangu, Musyoka wa Ndunda, alikuwa dereva wa misheni. Mama yangu, Kalekye, alikuwa mpishi. Kwetu ni Mwingi, ila mimi nilifika Garissa nikiwa mgongoni, na Kisomali nilikipata kwa jirani yetu Halima Buulo pamoja na maziwa ya mbuzi wake. Baba Kisomali kilimshinda. Alijua kuomba maji na kusema ndiyo, basi. Dahabo, mkunga wa Sangailu, alikuwa akimcheka kila tukifika: "Musyoka, gari yako naleta dawa, naleta fumbi, na siku moja italeta mke mbya, sasa wewe utaongea naye nini? Maji, ndiyo, maji, ndiyo?" Wanawake wanaongeza yao kwa Kisomali, Baba anacheka pamoja nao, ananiuliza baadaye walikuwa wanasema nini.

Misheni ilikuwa na wazungu wawili. Padri Lino, mrefu, ambaye mchana kutwa alikuwa amelala chini ya jenereta na jioni anatoka mweusi kama fundi, ananawa, anasoma misa. Na Sista Klotilda, nesi, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekama ng'ombe, kwa sababu kwao huko Ulaya ni milimani na ng'ombe wao wanavaa kengele. Pua yake ilibanduka ngozi kila kiangazi kama kiazi. Alitufundisha katekisimu chini ya paa la mabati, na kwa uongo hakuwa na mchezo hata kidogo. Ukidanganya kwamba umeoga, anakushika sikio anakupeleka mwenyewe bombani. Mama ndiye aliyechoma hostia, mikate ya komunyo, jikoni kwa chuma chenye mikono mirefu kama koleo, na sisi watoto tulisubiri mlangoni makombo yanayobaki akishakata viduara. Nilidhani mbinguni watu wanakula makombo hayo kwa sinia.

Jumapili kanisa lilijaa watu wa bara: walimu, makarani, askari jela, polisi na wake zao. Kwaya iliongozwa na Koplo Barasa, mtu wa Bungoma, kifua kama pipa. Mkewe Nekesa aliimba sauti ya kwanza, na siku za kazi aliuza sukuma na vitunguu kwenye laini ya polisi walikoishi. Baba aliimba besi nyuma ya Barasa. Walitaniana hadi Padri aingie. Barasa alikuwa anamwambia, "Wewe ni Mkamba wa aina gani unaogopa bunduki? Wenzako wote wako jeshini." Baba anamjibu kwamba yeye usukani unamtosha, kwa sababu usukani haujawahi kumjia mtu usiku kumdai roho.

Msomali hakuna aliyeingia kanisani, na Sista hakumwita hata mmoja. Yeye kazi yake kwao ilikuwa dawa. Tulikuwa tunatoka na Landrova kwenda njia ya Sangailu, tunasimama kwenye makazi ya wafugaji, Sista anaweka meza yake kivulini na mimi nakaa kando yake kwenye debe nikitafsiri, kwa sababu Kisomali chake kilikuwa kama kokoto ndani ya mkebe. Nilitafsiri kuhara, nikatafsiri mimba, nikatafsiri mambo ambayo mtoto hafai kuyajua. Walikuja pia wanaume wenye matundu mwilini. Sista aliwauliza wapi panauma. Hakuwahi kumwuliza mtu ni nani aliyempiga, wala yeye alikuwa amekwenda kumpiga nani.

Mmoja wa hao aliitwa Nuur. Aliletwa juu ya ngamia, mfupa wa mguu umetokeza nje, inzi wamemzingira. Sista alimsafisha kwa spiriti, na Nuur aliuma ncha ya kikoi chake hadi kikatoboka, hakulia. Alipopumzika akaniambia, "Abaayo, mwambie huyu bibi, jua likimwacha uso upone, nitamwoa."

Nikamwambia Sista. Naye, hata hakuinua macho kutoka kwenye uzi, akasema, "Mwambie nimekwishaolewa, na mume wangu ana wivu sana."

Nuur alicheka mpaka kidonda kikatoa damu upya. Tangu siku hiyo, tukifika makazi yao, alikuwa anakuja kuchechemea mbele yetu aonyeshe anavyopona, na mimi alikuwa ananiita abaayo, dada, kama wanavyomwita msichana wa kwao.

Sasa nije kwenye Kichuguu. Katika barabara hiyo palikuwa na kichuguu chekundu, kirefu kuliko nyumba yetu, kimepinda juu kama kidole kinachomwita mtu. Kila safari, kwenda na kurudi, Baba alisimamisha gari hapo katikati ya barabara akazima injini. Alishuka, akafungua milango yote, na ule wa nyuma, akakunja turubai mpaka juu. Akatoa masanduku ya dawa, akayafunua. Akatoa mikeka, akaikung'uta mmoja mmoja. Sista alishuka akageuza mifuko ya gauni lake nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Mimi niliambiwa nisimame mbali kidogo na gari, mikono ionekane. Hakuna aliyesema neno. Kisha tulikunywa chai ya chupa tukiwa wima, taratibu, kama watu wasio na haraka duniani, ndipo tukapakia tukaenda.

Mimi nilijua ni ibada. Kanisani si tuliinuka, tukapiga magoti, tukanyamaza, na hatukuambiwa sababu? Nikaona hii nayo ni ya barabarani. Nilimwuliza Sista mara moja kwa nini tunafanya hivyo, akanijibu, "Ili tuonekane vizuri." Tuonekane na nani sikuuliza. Kwa akili yangu, anayekutazama bila wewe kumwona ni mmoja tu. Nikawa nasali Baba Yetu kimoyomoyo hapo kwenye Kichuguu, na chai ikichelewa kwisha naongeza Salamu Maria. Magari mengine yalipigwa risasi kwenye barabara hiyo, lori la unga, gari la mifugo, hata ambulensi ya serikali. Letu halikuguswa. Nikashukuru kwamba sala zangu zinafika.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka kwa Dahabo. Jua la kabla ya mvua, lile linalokufanya uhisi meno yako yana joto. Mbele yetu tukaona gari la polisi limeinama upande, gurudumu limekaa kama mguu uliovunjika. Mtu akatoka kivulini akinyoosha mikono yote miwili. Alikuwa Koplo Barasa. Sauti ile iliyojaza kanisa ilikuwa imebaki mkwaruzo. Alituambia ekseli ilikatika jana, wenzao wakaenda kwa miguu kutafuta msaada, wao wawili wakaachwa kulinda gari, na maji yaliisha asubuhi. Wa pili alikuwa konstebo kijana, Kiprono, aliyeletwa kutoka baridi ya Kericho hata mwezi haujaisha. Alikuwa amelala chini ya gari akitapika upepo.

Sista alishuka na mkoba wake. Baba akamfuata, akamvuta kando, lakini nilisikia kila kitu kwa sababu jangwani sauti haina mahali pa kujificha.

"Sista, hawa ni watu wetu, mimi mwenyewe naimba nyuma ya Barasa. Lakini bunduki haijawahi kuingia gari hili. Tuwaachie maji, nikifika Garissa nitawaita wenzao."

Sista alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya Kiprono. Akaifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. "Huyu hafiki jioni, Musyoka."

"Basi huyu apande. Bunduki zibaki na Koplo."

Barasa alisikia. "Nibaki hapa peke yangu na bunduki mbili? Unajua zinavyotafutwa? Musyoka, tunakula meza moja ya Bwana, na leo unataka kuniacha nichinjwe kama mbuzi."

Baba akamwambia azifukie mchangani. Barasa akacheka kicheko kikavu, akauliza azifukie halafu amwambie nini mkubwa wake, kwamba zimeota mizizi? Askari aliyepoteza bunduki anaozea jela. Wakatazamana, wale watu wawili waliokuwa wanataniana kila Jumapili.

"Pandeni," Sista akasema. Alilisema vile alivyokuwa anasema kliniki akimwita mgonjwa anayefuata.

Wakamlaza Kiprono nyuma juu ya mikeka. Sista akamtia sindano ya maji mkononi, chupa akaitundika kwenye chuma cha turubai. Barasa akalala kifudifudi kando yake, bunduki mbili chini ya tumbo, wakafunikwa kwa masanduku matupu na magunia. Turubai likafungwa kamba zote. Sista akabaki nyuma na mgonjwa, mimi nikakaa mbele na Baba. Jasho lilimtiririka shingoni, na kila tulipoona mbuzi au mtu kwa mbali mikono yake ilikaza usukani.

Kichuguu kikatokea. Baba akapunguza mwendo, akauliza bila kugeuka, "Sista?"

Kisha Sista akasema, "Ana sindano mkononi. Twende, Musyoka. Twende haraka."

"Baba, hatujafungua," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu." Akakanyaga mafuta.

Kioo kilikuwa kioo, halafu kikawa maji meupe mapajani mwangu. Hivyo ndivyo nilivyoona. Sauti ilikuja baadaye. Gari likayumba, gurudumu likapasuka, tukatumbukia mtaroni tukakaa upande. Risasi zilikuwa zinaingia kwenye turubai zikitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayechana nguo, na kila zikipita jua liliingia kwenye tundu. Kisha Barasa akainuka kutoka chini ya magunia akaanza kupiga kupitia turubai hilohilo, humo ndani tulimokuwa, na maganda ya moto yakaniangukia mgongoni. Nje mtu alipiga kelele. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kijana ambaye sauti yake haijamaliza kuvunjika, na alikuwa anamwita mama yake: hooyo, hooyo. Haikuita muda mrefu.

Barasa akaketi. Aliketi kama mtu aliyechoka kusimama kwenye mazoezi. Damu ikamtoka kwenye koo kwa mapigo, Sista akaiziba kwa viganja vyote viwili, ikapita katikati ya vidole. Macho yake yalikuwa yanamtafuta Sista amwambie kitu. Sista akamsomea sala kwa lugha ya kwao, haraka haraka, na kabla hajaimaliza hapakuwa na wa kumsomea.

Wakaja. Wanaume watatu, nguo za kuchungia, nyuso zimefungwa kwa vitambaa. Mmoja alikuwa anachechemea, na mchechemeo ule niliujua kuliko uso. Wa pili alikuwa Gedi, ambaye nilikuwa nimempa dawa ya minyoo kwa mkono wangu. Wa tatu, Yare, alikuwa amembeba mgongoni yule aliyepiga kelele, Siyad, mdogo wake Gedi, kichwa kikining'inia. Walitutoa nje. Kiprono walimwacha ndani, macho yalikuwa yamepinduka. Baba alikatwa na vioo usoni, damu ilimwingia machoni, lakini alikuwa mzima.

Nuur alishusha kitambaa. Labda aliona haina maana kunificha mimi uso. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Abaayo, mbona leo hamkufungua?"

Nilikuwa na uso wa Nuur mbele yangu, na nyuma yake Kichuguu, na ndipo nilipojua ni nani aliyekuwa anatazama siku zote. Sala zangu zote za barabarani zilikuwa zinapita mbele ya bunduki yake.

Aliniambia nimwulize dereva ni nani aliyewapakia polisi. Baba akasema, "Ni mimi." Sista akasogea mbele yake, mikono myekundu mpaka viwiko, akasema, "Anadanganya. Ni mimi, nilimwamuru." Nikatafsiri hili, nikatafsiri na lile. Gedi alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia mdomoni. Akaweka mdomo wa bunduki kwenye sikio la Baba, akasema wote ni waongo, wamefunga bunduki ndani ya turubai na Siyad amekufa, kwa nini tunaongea.

"Ngoja," Nuur akamwambia. Akaniangalia mimi. "Wewe sema. Nani?"

Nilimtazama Baba, nikamtazama Sista. Neno lililonitoka si la mmoja wao. Nikasema, "Walikuwa na kiu. Yule aliye ndani alikuwa anakufa kwa kiu."

Nuur akaenda nyuma ya gari. Akamwona Kiprono, midomo imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, akaona chupa inayotona na mpira unaoingia mkononi. Aliukamata mpira kwa vidole viwili, nikadhani anauchomoa. Akauachia. Halima Buulo alikuwa amenifundisha tangu mdogo kwamba kwao mwenye kiu haulizwi ukoo, anakunywa kwanza, hata kama ni mtu mnayedaiana damu. Sikumkumbuka Halima wakati ule. Nilisema tu nilichokiona.

Nuur akarudi. "Kiu ni kiu," akasema. "Kwa kuwapakia simlaumu mtu. Lakini mguu uliokanyaga mafuta pale haukuwa na kiu."

Nilimtafsiria Baba maneno hayo moja baada ya jingine, kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa, na nilikuwa sijayaelewa. Baba aliyaelewa. Akaketi chini, akanyoosha mguu wa kulia, akaniambia nimtazame Sista usoni, nisitazame kwingine. Sista akataka kuingia katikati, Yare akamsukuma akaanguka. Nilimtazama hapo alipoanguka. Gedi akapiga. Akapiga tena palepale. Baba hakulia kama mtu, alitoa sauti ya ngamia anapolazimishwa kupiga magoti na mzigo.

Wakachukua bunduki, wakamvua Barasa buti, wakamvua na Kiprono. Nuur alikuwa wa mwisho kuondoka. Akasema, "Mwambie Sista mguu wangu umepona." Sikumtafsiria. Sista mwenyewe alielewa.

Alivua shela lake akamfunga nalo Baba juu ya goti, akakaza kwa kijiti. Ndiyo siku ya kwanza kuziona nywele zake, fupi, za kijivu, kama za mvulana aliyezeeka. Chupa ya Kiprono akaihamishia kwa Baba. Mimi nilipewa kazi ya kuishika juu na kufukuza inzi kwa Barasa, mkono mmoja huku na mwingine huku. Lori la Abdullahi Korane, lililokuwa likipeleka ng'ombe sokoni Garissa, ndilo lililotuokota. Alisukuma ng'ombe wake upande mmoja, tukalazwa kwenye samadi, wazima na maiti, na njia nzima ng'ombe mmoja alimlamba Barasa mkono.

Hospitalini walikata mguu wa Baba chini kidogo ya goti. Alikuwa bado hajazinduka vizuri alipokuja mkubwa wa polisi, mtu mwenye kofia kwapani, akauliza tuliwatambua akina nani. Kiprono alikuwa amesema ukweli wake, kwamba hakuona kitu. Mkubwa akamgeukia Sista.

"Walijifunga nyuso," Sista akasema. "Sikumjua mtu."

Niliyainua macho kumtazama. Huyu aliyenivuta sikio kwa ajili ya kuoga. Nilingoja kitu kitokee, dari ishuke, sijui. Hakikutokea kitu, ila pua yake iliyobanduka ikawa nyekundu. Mkubwa akaniuliza na mimi. Mama akanivutia kwenye kanga yake akasema mtoto tangu jana hajasema, mwache.

Baadaye jikoni nilimsikia Sista akimweleza Mama. Jina la Nuur likitajwa, askari watakwenda kwenye makazi yale, na huko hawatamtafuta mmoja. Watoto tuliowachanja, wanawake wa Dahabo wenye mimba, wote. Na watakaobaki watajua lile jina lilitoka kwa nani. Musyoka yuko kitandani bila mguu, na mlangoni pa wodi yuko mlinzi tu, mzee Katana na rungu lake. "Akitajwa yule, Kalekye, mumeo amekufa." Mama alikuwa ameshika chuma cha hostia, unga umeungua ndani.

Nekesa alikuja mchana wa siku iliyofuata. Mama alikuwa ameenda wodini na uji. Mimi nilikuwa nafua matandiko ya Baba nyuma ya jiko, na Nekesa akainama kwenye beseni lilelile, akaanza kukamua upande wa pili, akinuka vitunguu kama siku zote. Tulikamua shuka moja, maji yakatoka mekundu, tukabadilisha maji. Alikuwa amekwishafua sare ya mumewe, aliniambia, ila kola imekataa kutakata. Kisha akauliza, hakunishika, hakunitisha: "Wewe ndiwe uliyeongea nao. Ni nani?"

Nilijua ninalolishika. Nilikuwa nimemsikia Sista kwa masikio yangu. Lakini mikono ya Nekesa ilikuwa ndani ya damu ya baba yangu, anaifua, na ya mumewe amekwishaifua peke yake. Nikamwambia. Nuur, Gedi, Yare, na Siyad aliyekufa. Akarudia jina la kwanza kwa midomo tu. Akaanika shuka, akainyoosha pembe zote, akaenda zake upande wa laini ya polisi.

Mama aliporudi nilimwambia palepale. Hakunipiga. Aliketi kwenye kizingiti, akanitazama kama anayemtazama mtoto wa mtu mwingine. Akauliza, "Ameelekea wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Hapakuwa na mahali pa kumpeleka mtu aliyekatwa mguu jana. Tukaenda tukakaa kando ya kitanda cha Baba, Mama upande mmoja na mimi upande mwingine, tukisikiliza magari. Kila lilipopunguza mwendo nje Mama aliushika ule mguu uliobaki. Yakapita ya maji, yakapita ya wakimbizi ya kwenda Hagadera, likapita la askari, likasimama, likaenda. Baba alikuwa anatuuliza mbona tumenyamaza hivi, nani amekufa.

Asubuhi lori la serikali lililombeba Barasa likaegesha nje ya hospitali, sanduku limefungwa kwa kamba, magunia ya vyombo vyao pembeni. Nekesa akaingia wodini na viatu mkononi, kama anayeingia msikitini. Katana alitaka kumzuia, akamwacha. Alisimama miguuni pa kitanda, pale blanketi lilipokuwa limelala bapa upande mmoja, akapatazama kwa muda. Mama alisimama. Baba akaanza kusema pole, akaanza kueleza habari za ile barabara, Nekesa akainua kiganja kumnyamazisha, vile Barasa alivyokuwa anawanyamazisha wa besi.

"Jina nimeambiwa, Musyoka," akasema. "Jana nilifika mpaka mlango wa kituo nalo."

Baba akanigeukia. Uso wake sikuweza kuutazama.

"Nikawaza, nikilitaja watakuja kukumaliza wewe, na huyu wangu hataamka. Na wewe una mtoto anayefua." Akavaa viatu, kimoja kimoja, akishikilia chuma cha kitanda. "Ninakwenda nalo Bungoma. Lakini usiniandikie, usinitumie salamu za kwaya, usije ukaniita dada. Ishi tu."